Sauti ya Pili kwenye Kanda ya Singe

Siku ya kuniaga ofisini nilipewa saa ya ukutani, vitenge viwili na hotuba ambayo mtoaji wake alinitaja kwa jina la aliyestaafu kabla yangu. Chakula kilikuwa kizuri. Watu walipoanza kunawa mikono, vijana wawili wanaochukua meza yangu walinisogelea na kuniuliza jambo la maana kuliko hotuba nzima: "Mama Neema, hivi hadithi inaombwaje?" Nikawaambia nitawaandikia. Ndiyo haya.

Kazi yetu mnaijua kwa maelezo yake: kukusanya hadithi, nyimbo za kazi, vitendawili na masimulizi ya koo, kuyaandika, kuyatafsiri na kuyatengenezea vitabu. Mitaani Babati watu wanaamini kwamba tunalipwa kwa kusikiliza wazee. Si uongo, ila wanasahau kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla mzee hajasema chochote.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mwalimu Bura, Mgorowa aliyekuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi na kuajiriwa upya kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua lugha na watu kama yeye. Alikuja na kinasa sauti kimefungwa kwenye taulo, ndani ya mfuko wa mbolea uliofuliwa. Alisema kifaa cha bei kubwa kikibebwa kwenye begi zuri kinawafanya watu wajirekebishe, na mtu aliyejirekebisha hana hadithi.

Tulikwenda Maisaka. Mimi nilikulia hapo hapo, kwa wazazi Warangi, na niliona hakuna cha kufundishwa kuhusu majirani zangu. Tukaketi kwa mzee mmoja aliyesifika kwa usimulizi. Nikafungua daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

"Mzee, tumekuja kuomba hadithi."

"Hadithi gani?"

"Yoyote tu."

"Yoyote sina," akasema, na kuanzia hapo akatueleza bei ya maharage mpaka tulipoaga.

Njiani Mwalimu Bura aliniuliza kama nikienda dukani huwa namwambia muuzaji anipe kitu chochote. Nikasema hapana. "Basi," akasema, na somo likaishia hapo.

Wiki iliyofuata tulirudi kwa mzee yule yule, safari hii jioni. Mwalimu Bura hakuomba kitu. Alianza tu kusimulia habari za fisi aliyekwenda kuposa akiwa amejifunika ngozi ya kuazima, na akaisimulia vibaya, kwa makusudi. Alipofika mahali fisi anapokaribishwa, mzee akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, unaiharibu. Hakuingia kwa mlango huo." Mwalimu Bura akabonyeza kitufe bila kuangalia chini. Ndivyo hadithi inavyoombwa. Anza yako, ikosee kidogo, ngoja mwenye nayo akasirike.

Kuhusu jioni: wazee wengi tuliofanya nao kazi hawakukubali kusimulia jua likiwaka. Nilipouliza sababu, wengine walisema ng'ombe watapotea, wengine walisema msimuliaji atavamiwa na uvivu, mmoja alisema mvua itakwama. Niliziandika zote. Katika kila sababu kulikuwa na shamba linalosubiri kulimwa, na sikuona haja ya kutafuta maelezo ya ndani zaidi.

Betri tulinunua kwa Bwana Salim, karibu na soko. Alikuwa na desturi ya kuziingiza kwanza kwenye tochi yake mwenyewe na kukumulika usoni, ili kesho usije kumlaumu. Siku moja aliniuliza kama sisi watu wa ofisi tunadhani Waislamu wa mjini hawana hadithi. Nikamwambia zipo na nitakuja kuzichukua. Nilikwenda, akanisimulia hadithi ya bibi yake aliyetoka pwani, akiwa amesimama nyuma ya kaunta kwa sababu hakutaka kufunga duka. Kwenye kanda ile, binti wa sultani anafungiwa mnarani, halafu sauti ya mwanamke inauliza sabuni ya kipande bei gani, halafu binti wa sultani anaendelea kulia. Nilipoandika niliondoa sabuni. Mwalimu Bura akairudisha kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika: "Ilikuwepo."

Alikuwa na kanuni chache, na nilizifuata mpaka siku ya saa ya ukutani. Kinasa sauti kiwekwe juu ya kitambaa, mbali na kuku. Kila kanda iandikwe ni nani alikuwepo, hata aliyepita kuchukua maji. Kanda ya kwanza isikatwe kamwe, ikatwe nakala. Na kabla hadithi haijakwenda popote, mwenye hadithi asikie kwanza.

Kanuni hizo mbili za mwisho nilizielewa Singe.

Huko Singe kulikuwa na kaya moja yenye nyumba mbili zilizotazamana, na uwanja katikati. Ilikuwa ya wajane wawili wa mume mmoja. Mke mkubwa, Mama Tluway, alikuwa msimuliaji bora kuliko wote niliopata kuwasikia. Mke mdogo, Mama Safari, alikuwa mwitikiaji wake. Katika kaya ile hadithi haikuanza mpaka msimuliaji aulize, kwa Kigorowa, "Upo?" na mwitikiaji ajibu, "Nipo." Baada ya hapo mwitikiaji alitakiwa kuitikia kila kituo: kukubali, kushangaa, kuuliza, hata kubisha. Asipoitikia, msimuliaji anasimama.

Tatizo ni kwamba wanawake hawa walikuwa hawasemeshani. Ugomvi ulianza kwenye mazishi ya mume wao. Chanzo nilielezwa kwa namna tatu: katika ya kwanza kulikuwa na ndama, katika ya pili blanketi, katika ya tatu neno lililosemwa mbele ya waombolezaji. Kwa mazoea ya kazi nilizihifadhi zote tatu. Walichokubaliana wote ni kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake neno, na walikuwa wakichota maji ndoo kwa ndoo kwenye bomba moja.

Mara ya kwanza nilipokaa uwanjani pale, wote wawili walikuwa wanapepeta mtama, umbali wa mikono miwili mitatu. Mama Tluway akanigeukia.

"Binti, mwambie mwenye nyumba ile kuku wake wako kwenye mtama wangu."

Nikamtazama Mama Safari. Alikuwa amesikia vizuri kabisa.

"Mama Safari, kuku wako..."

"Mwambie kuku hawana jina. Anajuaje ni wangu?"

"Mwambie wana tabia. Nimezitambua."

Mwalimu Bura alikuwa akikohoa ndani ya mkono wake. Kwa miaka yote niliyofika pale, mgeni yeyote aliyeketi uwanjani aligeuzwa tarishi.

Lakini ng'ombe walipoingia zizini na moto ukawashwa, Mama Tluway alivuta kigoda chake, akatazama mbele, akauliza, "Upo?" Na Mama Safari, bila kugeuza shingo, akajibu, "Nipo." Mle ndani ya hadithi walizungumza. Nilidhani ni mazoea tu, mpaka nilipoanza kuandika nilichorekodi na kuona walichokuwa wakiambiana. Ilikuwa ile hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa. Naitafsiri kama ilivyo.

"Mama wa msichana akamwona mgeni, akaficha kibuyu cha maziwa."

"Ehee. Wapo wanaoficha."

"Alikificha kwa sababu mgeni alikuwa na mkono mrefu."

"Labda mgeni hakupewa hata kikombe."

"Mama yule alikuwa na watoto."

"Na mgeni hakuwa na watoto?"

Hapo kwenye kanda kuna moto unaopasua kuni na hakuna kingine. Kisha Mama Tluway anasema fisi alikaribishwa aketi, na hadithi inaendelea.

Nilirekodi hadithi hiyo kwao mara kadhaa, kwa miaka tofauti, kwa sababu Mwalimu Bura alisema hadithi iliyorekodiwa mara moja ni picha ya mtu aliyefumba macho. Katika kanda za mwanzo kibuyu kinabaki kimefichwa mpaka mwisho, na fisi anafukuzwa na njaa yake. Katika moja ya baadaye, Mama Safari anaitikia, "Maziwa yakikaa sana yanaharibika," na Mama Tluway anamfanya mama wa msichana ammiminie fisi kikombe kimoja kabla hajamfukuza. Mnaofundishwa kwamba mapokeo hubadilika taratibu katika vizazi, zisikilizeni kanda hizo. Mimi niliona yakibadilika kwa kikombe kimoja, na nilimjua aliyeyabadilisha.

Ofisi iliyokuwa ikigharamia kazi ikaamua kitabu chetu cha pili kitoke na kanda yake, ili anayetaka aisikie lugha yenyewe. Nakala zikapelekwa kwa mhariri katika mji mkubwa, kijana mwenye bidii, hodari wa mitambo. Zikarudi safi. Hakuna upepo, hakuna kuku, hakuna moto. Na hakuna Mama Safari. Barua yake ilieleza kwamba ameondoa kelele za mtu wa pili aliyekuwa akimkatiza msimulizi.

Mwalimu Bura aliisoma barua, akaikunja, akasema tuwapelekee wenyewe wasikie, kama kawaida. Nilimshauri tuirudishe kanda kwanza irekebishwe. Akasema sauti ni ya kwao. Wao ndio waseme kama imeharibika.

Tukaiweka kanda uwanjani jioni. Wanawake wote wawili walikuwepo, kila mmoja mlangoni kwake. Mama Tluway alijisikia akiuliza, "Upo?" Hakuna aliyejibu. Sauti yake kwenye kanda ikaendelea na fisi kama vile imejibiwa. Alisikiliza mpaka kwenye kibuyu, akainua mkono.

"Zima. Huyu anaongea na nani?"

"Na wasikilizaji, mama," nikasema.

"Wako wapi?"

"Watakaonunua kitabu."

"Mmenifanya mwanamke anayeongea peke yake uani kwake. Wanawake hao wapo, binti. Tunawaombea kanisani." Akasimama. "Hiyo isitoke. Wala nyingine zangu zisitoke."

Karibu nusu ya kitabu ilikuwa yake. Lakini sikupata nafasi ya kufikiria kitabu, kwa sababu upande wa pili Mama Safari alikuwa ameinuka na kigoda chake mkononi. Hakumwambia mwenzake. Alimwambia Mwalimu Bura.

"Mwambie nimeona. Kama alitaka kunitoa, angesema tu."

"Mama Safari, si yeye aliyekutoa. Ni ofisini."

"Ofisini wananijua mimi?" akauliza, na akaingia ndani.

Kesho yake jioni tulikuwepo. Ng'ombe waliingia, moto ukawashwa, Mama Tluway akavuta kigoda. Akauliza, "Upo?" Mlango wa pili ulikuwa wazi, na Mama Safari alionekana ndani akichambua maharage. Hakuitikia. Mama Tluway akauliza tena. Kisha akakaa, mikono magotini, mpaka Mwalimu Bura alipoaga kwa niaba yetu sote.

Hali ilikuwa hivyo, na muda ulikuwa mfupi. Safari, mtoto wa Mama Safari, alikuwa amepata mashamba Kiteto, na ilishaamuliwa kwamba baada ya mavuno mama yake atahamia huko. Wanawake wale walikuwa na mahali pamoja tu pa kuzungumzia, na mashine ya mjini ilikuwa imepafunga. Akiondoka hivi, ataondoka akiamini mwenzake ndiye aliyemfuta.

Kanda za kwanza zilikuwa nzima, ndani ya kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati la Mwalimu Bura. Niliirudisha ya fisi Singe mwenyewe, asubuhi, kwa kuwa Mama Tluway huwa shambani wakati huo. Mama Safari alikubali kusikiliza kwa sharti kwamba asiache kazi yake. Aliendelea na maharage. Sauti ya mwenzake iliuliza, "Upo?" na sauti yake ikajibu, "Nipo." Aliendelea kuchambua, ila niliona mabovu yanaingia kwenye mazima.

"Kumbe naongea sana," akasema mwishoni.

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Hii hapa ndiyo tuliyoirekodi. Ya kule walikata wao."

"Na yeye amesemaje?"

"Amekataa isitoke. Wala nyingine zake zote."

"Kwa ajili hiyo?"

"Kwa ajili hiyo."

Akaanza upya kutoa maharage mabovu.

Mazungumzo na ofisi yalichukua barua nyingi. Walisema msomaji atachanganyikiwa. Walisema kurasa zitaongezeka. Mwalimu Bura alijibu kila barua kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, kwa sentensi ile ile: mwenye hadithi amekataa. Hatimaye walikubali mwitikio uchapwe kwa herufi za mlalo na kanda irudishwe kama ilivyorekodiwa. Likabaki swali la majina. Niliuliza uwanjani, wote wakiwepo, mbele ya jalada la mfano.

"Mwambie langu sitaki," akasema Mama Safari. "Mimi nilikuwa naitikia tu."

"Mwambie jina lake linakaa," akasema Mama Tluway. Akatazama jalada tena. "Si lazima liwe kubwa."

Likakaa, la ukubwa ule ule. Mpaka leo ndicho kitabu chetu pekee ambacho hadithi moja ina wasimuliaji wawili, na wahakiki walioandika juu yake walikiita jaribio la kisanaa. Mwalimu Bura alifurahi sana kusikia hivyo.

Kitabu kilifika Mama Safari akiwa ameshahamia Kiteto. Siku ya kuondoka kwake nilikuwepo, kwa sababu mtu mwenye gari la mizigo alikuwa jamaa yangu. Magodoro yalipakiwa, na kuku waliofungwa miguu, wale wenye tabia. Mama Tluway alisimama mlangoni kwake. Mama Safari akanigeukia akiwa na mguu mmoja kwenye gari.

"Mwambie nimesikia ile kanda."

Nilimwambia, ingawa alikuwa amesikia. Mama Tluway akaitikia kwa kichwa, na gari likaondoka.

Baada ya hapo aliacha kusimulia. Wakwe zake walijitolea kumwitikia, na mmoja alijua kazi hiyo vizuri. Alikataa kwa adabu. Nilipokwenda kumtembelea tulizungumza kuhusu mvua. Mwalimu Bura alifariki katika miaka hiyo, nami nikarithi lile kopo la biskuti.

Sehemu ya mwisho ni ya miaka ya hivi karibuni, simu zikiwa zimefika kila boma. Nilikuwa Kiteto nikirekodi nyimbo za wafugaji, nyimbo za kusifu madume ya ng'ombe, na mwenyeji wangu akanitajia bibi mmoja wa Kigorowa anayeishi kwa mwanawe, si mbali. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yamepungua nguvu. Akanitambua kwa sauti.

"Wewe ni yule wa kanda."

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Yule bado yupo?"

Hakutaja jina. Nikasema yupo, na ana afya, ila hasimulii tena.

"Kwa nini?"

"Hajasema. Anasema tu hana wa kumwitikia."

Akauliza kama simu yangu ina chaji. Nilimpigia mjukuu wa Mama Tluway, Singe, nikamwambia ampelekee bibi yake simu uwanjani na aweke sauti ya juu. Huku nikaweka simu yangu juu ya kitambaa, kwenye mapaja ya Mama Safari, na kinasa sauti pembeni yake. Jua lilikuwa limeshazama. Kwa pande zote mbili zilisikika kengele za ng'ombe.

"Mama Tluway," nikasema, "niko Kiteto. Nimekaa na Mama Safari."

Hakunijibu mimi. Hakusalimia, wala huku hakuna aliyesalimia. Nilianza kudhani mtandao umekatika. Kisha kule Singe nikasikia kigoda kikivutwa.

Rekodi hiyo iko ofisini, kwenye mashine mpya, na mtaikuta kwa jina la fisi. Ina kuku, ina upepo, na katikati kuna mtu anauliza chumvi iko wapi. Fisi wa safari hii hafukuzwi. Anakunywa maziwa mpaka kibuyu kinakwisha, na mama wa msichana anamuuliza kwa nini alichelewa kuja. Nimeandika waliokuwepo, wa pande zote mbili.

Mtaona pia kwamba Mama Tluway akishauliza, "Upo?" panapita kimya kirefu kabla ya jibu. Mashine itawashauri mkiondoe. Si hitilafu ya mtandao. Mkiache kama kilivyo, kwa sababu jibu lipo, linakuja baada yake.